Jinsi ya Kuhudhuria Onyesho la Bluzi, Nyimbo za Jadi na Kantri-roki

Onyesho la muziki unaochanganya bluzi (muziki uliozaliwa kwa Wamarekani Weusi), nyimbo za jadi za Marekani na kantri-roki (roki iliyochanganywa na kantri, muziki wa mashambani wa Marekani) halifanani na lile ambalo mtu huenda kucheza tu au kumwona nyota kwa mbali. Katika muziki huu sauti inayotoka jukwaani huacha kwa makusudi nafasi ya kujibiwa: mwimbaji huimba mstari, hunyamaza, kisha gitaa, harmonika au hadhira yenyewe hupokea. Anayefika bila kujua nafasi hizo ziko wapi hatakosa kufurahi, lakini atakuwa amesikia nusu. Ninaandika kwa ajili ya anayekwenda kwa mara ya kwanza, na vilevile kwa yule aliyekwishakwenda akarudi akijiuliza kwa nini wenzake walitoka wamechangamka kumliko yeye.

Andaa masikio kabla ya siku yenyewe

Watu wengi hujiandaa kwa kusikiliza nyimbo mashuhuri za msanii wanayekwenda kumwona. Ni jambo jema, lakini lipo lililo jema zaidi, nalo ni kujifunza kuhesabu. Bluzi nyingi zimejengwa juu ya mzunguko wa vipimo 12, kila kipimo kikiwa na mapigo manne, kwa hiyo mzunguko mzima una mapigo 48. Maneno huja katika mistari mitatu: mstari wa kwanza, mstari huohuo ukirudiwa pengine kwa badiliko dogo, kisha mstari wa tatu unaolifunga wazo. Kila mstari umetengewa vipimo vinne, lakini mwimbaji kwa kawaida hujaza viwili au zaidi kidogo tu, na vinavyobaki ni mali ya ala. Keti na wimbo mmoja wa aina hiyo, gonga kidole mezani, na uhesabu hadi 48 mara tatu au nne mfululizo. Utaanza kusikia kwamba mwanzoni mwa kipimo cha tano, pale mstari unaporudiwa, gitaa huhamia sehemu nyingine. Mwanzoni mwa cha tisa mvutano hupanda. Na vipimo viwili vya mwisho huurudisha muziki nyumbani ili uanze upya. Baada ya hapo hutahitaji kuhesabu tena, kwa sababu mwili utakuwa umeshajua.

Zoezi la pili ni kusikiliza mtu mmoja katika hali mbili. Mwaka 1941 mtafiti Alan Lomax alimrekodi mwimbaji wa bluzi Muddy Waters akiwa bado anaishi shambani katika Delta ya Mississippi, akipiga gitaa lisilo la umeme. Mwaka 1943 Muddy Waters alihamia Chicago, na rekodi zake za miaka ya 1950 zina gitaa la umeme, dramu, piano na harmonika iliyopitishwa kwenye spika. Sikiliza moja ya zile za kwanza, kisha moja ya zile za baadaye, bila kuweka kitu kingine katikati. Utagundua kwamba kilichoongezeka ni nguvu na idadi ya watu, lakini mwendo wa kuita na kuitikia umebaki palepale. Sikio likishalitambua jambo hilo, halitapotea usiku wa onyesho bendi itakapotoka kwenye wimbo wa gitaa moja na kuingia kwenye wimbo unaotikisa sakafu.

Mchanganyiko huu haukuanza na roki. Jimmie Rodgers na familia ya Carter, ambao rekodi zao za mwaka 1927 katika mji wa Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya kantri, walikuwa tayari wamechota kwa wanamuziki Weusi. Rodgers aliimba bluzi akiichanganya na mtindo wake wa kurusha sauti juu, na A. P. Carter alizunguka kukusanya nyimbo pamoja na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyezishika tuni kichwani wakati Carter akiandika maneno. Hank Williams, nyota wa kantri aliyefuata baadaye, naye alifundishwa akiwa kijana na Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa mitaani huko Alabama. Banjo yenyewe, ambayo wengi huiona kuwa ishara ya kantri, ina asili ya ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Ninayataja haya kwa sababu humbadilisha msikilizaji: gitaa la kantri linapoulalamisha uzi mmoja kwa kuukunja, anajua kwamba anasikia bluzi, na hasubiri mtu amtangazie kuwa sasa bluzi imeanza.

Tiketi, muda na mavazi

Nunua tiketi kwa muuzaji aliyetajwa na ukumbi au na msanii mwenyewe, kisha soma mambo mawili ambayo watu huyaruka: kama ukumbi ni wa viti au wa kusimama, na kama saa iliyoandikwa ni ya milango kufunguliwa au ya muziki kuanza. Tofauti kati ya saa hizo mbili inaweza kufika saa nzima au zaidi. Ukumbi wa kusimama ufikie mapema. Ukumbi wa viti vyenye namba ufikie kwa wakati wa msanii wa ufunguzi. Huyo usimkose. Katika muziki huu msanii wa ufunguzi mara nyingi ni mtu mmoja mwenye gitaa moja, na ndiye hukizoesha chumba kunyamaza. Mara kadhaa nimemwona akiitwa tena jukwaani mwishoni kuimba sauti ya pili na bendi kuu, na waliochelewa wakiulizana yule ni nani.

Vaa viatu ambavyo miguu imekwishavizoea, kwa kuwa huenda ukasimama kwa muda wa saa tatu. Beba mkoba mdogo au usibebe kabisa. Kofia pana yenye ukingo, ambayo wapenzi wa kantri huipenda, humziba aliye nyuma yako. Ivae ukiwa nje na uivue ukishaingia.

Linda masikio

Hapa ninaomba msomaji asiharakishe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha usalama kwa kumbi za muziki, kinachotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15. Kumbuka kwamba hicho ni kikomo cha juu. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini nchini Marekani ni kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hukatika nusu. Ukifuata hesabu hiyo, kwenye desibeli 100 muda ni dakika 15 tu. Onyesho la saa mbili lina dakika 120.

Kwa hiyo chukua vizibo vya masikio, na chagua aina iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki. Vile vya sponji hukinga vizuri, lakini hufuta sauti nyembamba kuliko sauti nzito, hivyo fidla na matoazi huzama, na maneno ya mwimbaji husikika kana kwamba anaimba nyuma ya mlango uliofungwa. Vizibo vya muziki vina kichujio kidogo kinachopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana. Vivae kabla ya wimbo wa kwanza, si baada ya kuanza kuumia. Katika nyimbo za ala zisizo za umeme unaweza kuvitoa, kisha uvirudishe mara tu mpiga dramu anaposhika vijiti. Mtoto mdogo avalishwe vifuniko vinavyofunika sikio lote, na akae mbali na spika.

Mahali pa kusimama

Onyesho langu la kwanza la namna hii nililisikiliza vibaya kwa sababu ya bidii. Nilifika mapema, nikashika ukingo wa jukwaa upande wa kushoto, hatua tatu kutoka kwenye rundo la spika, nikaona nimebahatika. Kwa nyimbo nne nilisikia besi ikinipiga kifuani na dramu zikinigonga usoni, huku mwimbaji akifungua na kufunga mdomo bila neno hata moja kunifikia. Hatimaye niliacha nafasi ile niliyoipigania, nikarudi nyuma hadi kwenye meza ya fundi sauti, na hapohapo wimbo ukajipanga: sauti ya mwimbaji katikati, gitaa la akustika, yaani lisilo la umeme, likichakarika chini yake, fidla kulia, na besi mahali pake pa kubeba wengine. Bendi ilikuwa ileile, wimbo ulikuwa uleule.

Sababu ni rahisi kueleza. Fundi sauti huchanganya sauti zote kwa masikio yake, akiwa amesimama kwenye meza yake, na kila anachorekebisha hukirekebisha kadiri kinavyomfikia pale. Aliye karibu naye husikia alichokusudia. Aliye mbele kabisa huangukia kati ya spika za pande mbili, na husikia zaidi vikuza sauti vya magitaa na dramu zenyewe kuliko mchanganyiko. Kwa hiyo, mahali pazuri pa kusikia ni mbele kidogo ya meza ya fundi sauti, katikati ya ukumbi au kando kidogo.

Hata hivyo, mbele kuna jambo moja ambalo nyuma halipo: mikono. Ikiwa ukumbi ni mdogo na unaruhusu kusogea, sikiliza sehemu kubwa ya onyesho ukiwa nyuma, kisha sogea kwa adabu kando ya jukwaa kwa wimbo mmoja au miwili ili utazame mikono ikifanya kazi.

Cha kutazama jukwaani

Anza na mpiga slaidi. Amevaa kidoleni, mara nyingi kidole cha mwisho au cha tatu cha mkono wa kushoto, kibomba kifupi cha kioo au chuma, na badala ya kukandamiza nyuzi hadi zishike mbao, anakiteleza juu yake. Kwa njia hiyo gitaa linaweza kugusa sauti zilizo katikati ya sauti, kama koo la binadamu linavyofanya. Tazama jinsi kibomba kinavyotetemeka kidogo kinapofika mahali pake, na jinsi vidole vilivyo nyuma yake vinavyolala juu ya nyuzi ili kuzima mivumo isiyotakiwa. Ukiuona mkono huo ukiwa mahali pamoja na mwimbaji akiwa amenyamaza, sikiliza kwa makini, kwa sababu mara nyingi gitaa linarudia maneno yaleyale yaliyotoka kuimbwa.

Ala inayowashangaza wageni zaidi ni gitaa la chuma la kanyagio. Haliwekwi begani, limelala juu ya miguu ya chuma kama meza nyembamba, na mpigaji ameketi nyuma yake. Kwa kawaida lina nyuzi 10 kwa kila shingo, na mengine yana shingo mbili. Mkono wa kushoto unasogeza kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unadonoa kwa kucha za bandia, mguu wa kushoto unakanyaga kanyagio zinazobadilisha kimo cha sauti za nyuzi fulani, magoti yote mawili yanasukuma vyuma vilivyofichwa chini kwa kazi hiyohiyo, na mguu wa kulia unaongoza ukubwa wa sauti. Kilio kile kirefu cha kantri kinachopanda polepole na kuyeyuka hakitoki mkononi peke yake. Kinatokana na goti na mguu vikiachiana zamu. Usimtafute mpigaji huyu kwa miondoko, maana ndiye anayetembea kidogo kuliko wote. Tazama magoti.

Wapo pia wapiga gitaa la umeme wanaoiga sauti hiyo. Clarence White na Gene Parsons, waliopiga pamoja katika bendi ya roki ya The Byrds, walibuni kifaa kinachofungwa ndani ya gitaa na kuunganishwa na mkanda wa begani, hivi kwamba mpigaji akilisukuma gitaa chini, uzi mmoja unavutwa na sauti yake inapanda. Ukimwona mtu anasukuma shingo ya gitaa chini kwa ghafla katikati ya solo taratibu, yaani sehemu ambayo ala moja hutamba peke yake, huenda si mbwembwe. Huenda ndivyo anavyofikia sauti anayoitaka.

Mpiga harmonika naye tazama viganja vyake. Akiwa mbele ya maikrofoni ya kawaida, hufungua na kufunga viganja kuibadili rangi ya sauti. Akiwa ameishika maikrofoni pamoja na harmonika ndani ya viganja vilivyozibana, kama alivyofanya mpiga harmonika wa bluzi Little Walter, sauti hutoka nene na yenye mikwaruzo kupitia kikuza sauti. Utamwona akibadilisha harmonika kila baada ya wimbo mmoja au miwili, kwa kuwa kila moja imetengenezwa kwa ufunguo mmoja, yaani kundi moja la sauti ambalo wimbo hujengwa juu yake.

Kunyamaza na kuitikia

Baada ya Bob Dylan, mwimbaji aliyejulikana kwa nyimbo za gitaa la akustika, kupanda jukwaani na bendi ya umeme katika tamasha la nyimbo za jadi la Newport, Marekani, tarehe 25 Julai 1965, na baadhi ya wasikilizaji kuzomea, ziara yake ya mwaka uliofuata iligawanywa sehemu mbili: kwanza peke yake na gitaa la akustika, kisha pamoja na bendi. Wasanii wengi wa mkondo huu hadi leo huugawa usiku wao kwa namna inayofanana na hiyo, au huweka nyimbo mbili tatu za utulivu katikati. Msikilizaji anatakiwa awe na tabia mbili kwa usiku mmoja, na aweze kutoka moja kwenda nyingine haraka.

Katika nyimbo za utulivu, nyamaza kabisa. Sauti ya kidole kikiteleza juu ya uzi na pumzi ya mwimbaji kabla ya mstari ni sehemu ya wimbo, na mazungumzo ya watu wawili wanaonong'ona hufika safu tano mbele. Usipige makofi kufuata mdundo katika nyimbo hizo isipokuwa mwimbaji ameomba. Pia usianze kushangilia sauti ya mwisho ikiwa bado inavuma. Subiri mkono uondoke kwenye nyuzi.

Bendi nzima inapoingia, mambo hugeuka, na hapo kunyamaza ndiko kunakokuwa upungufu wa adabu. Piga makofi, lakini pigo la pili na la nne. Hili ndilo kosa linalofanywa na kumbi nzima: watu hupiga la kwanza na la tatu, wimbo unageuka gwaride, na mpiga dramu analazimika kupigana na hadhira. Dawa yake ni kuisikiliza sneya, ngoma ndogo yenye waya chini yake na mlio mkali unaopasuka. Kwa sehemu kubwa ya bluzi na kantri-roki, sneya hupigwa kwenye la pili na la nne. Piga nayo. Ukijikuta umepotea, acha, sikiliza mizunguko miwili ya mapigo, kisha rudi.

Solo inapokwisha, shangilia papo hapo bila kungoja mwisho wa wimbo, ilimradi usiufunike mstari unaofuata. Na zile nafasi ulizohesabu nyumbani, baada ya kila mstari wa bluzi, ndizo mahali pa sauti ya kuitikia kutoka hadhirani, iwe neno moja la kukubali au mguno. Iwe fupi. Ukiongeza sentensi, umemnyang'anya mpiga gitaa zamu yake.

Kati ya nyimbo, wape wanamuziki muda wa kurekebisha nyuzi. Joto la taa hulegeza nyuzi, na wapiga slaidi mara nyingi hutumia mipangilio ya nyuzi tofauti na ya kawaida, ndiyo maana utawaona wakibadilisha gitaa au wakizungusha vifungo kwa dakika nzima. Hawajazubaa. Kupaza sauti kuomba wimbo wakati sikio la mtu linatafuta sauti sahihi ni kumsumbua fundi aliyeshika sindano.

Simu na majirani

Piga picha moja au mbili bila mwanga wa flashi, kisha itie simu mfukoni. Ninasema hivi nikiwa na majuto: nina video ya wimbo mzima wa mwimbaji niliyempenda sana, na ninachokumbuka cha usiku ule ni kioo cha simu. Isitoshe, mkono ulioinuliwa kwa dakika tano ni ukuta kwa mtu mfupi aliye nyuma.

Anayetaka kucheza acheze pembeni au nyuma, ambako hamzuii aliyeketi. Kama unataka kuzungumza, nenda kwenye ukumbi wa nje au ungoje kati ya nyimbo. Ukimkuta jirani anaongea katikati ya wimbo wa utulivu, mwombe mara moja kwa upole. Akiendelea, ni afadhali uhame kuliko kugombana, kwa kuwa ugomvi huharibu wimbo kuliko maongezi.

Baada ya muziki kukoma

Bendi ikiondoka jukwaani huku taa za ukumbi zikiwa bado zimezimwa, usikimbilie mlangoni. Wimbo wa nyongeza ni desturi, na katika muziki huu mara nyingi ndipo wanapojitokeza wote pamoja kuzunguka maikrofoni moja, au wanapoimba wimbo wa zamani wa jadi ambao haumo katika rekodi yao yoyote. Taa za ukumbi zikiwaka, yamekwisha.

Pita kwenye meza ya bidhaa za bendi. Kwa msanii asiye mkubwa sana, rekodi inayonunuliwa hapo kwa kawaida humpatia zaidi kuliko nyimbo zake kusikilizwa mara nyingi kwenye intaneti, na mara nyingi yeye mwenyewe husimama nyuma ya meza. Mtajie wimbo mmoja na kilichokugusa ndani yake, umshukuru, na umpishe anayefuata. Masikio yakiwa yanalia ukifika nyumbani, yapumzishe kwa ukimya na usivae vipokea sauti siku ya pili. Mlio ukiendelea zaidi ya siku mbili, mwone daktari.

Na ile karatasi yenye orodha ya nyimbo, iliyobandikwa sakafuni mwa jukwaa miguuni mwa mwimbaji, usiinyakue. Ngoja mafundi wa jukwaa wamalize kukunja nyaya, kisha uombe. Mara nyingi watakuinamia wakupe, ikiwa na alama ya kiatu juu yake na wimbo mmoja uliokatwa kwa kalamu dakika za mwisho.